Sarufi ya Wankuru

Mchungaji alisoma wasifu wa marehemu akiwa chini ya turubai la bluu, karatasi ikimpeperuka mkononi kwa upepo wa Itiryo. Alisema Wankuru alizaliwa hapahapa, akasoma shule ya msingi hapahapa, akafaulu kwenda sekondari na hatimaye chuo kikuu, kisha akarudi nyumbani kulea watoto wa marehemu kaka yake na kufundisha. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Kwaya ikasimama. Mimi nilikuwa nimeketi upande wa walimu, nimetoka Mugumu siku iliyotangulia, na baada ya hapo sikusikia tena alichosoma. Nilibaki na lile neno lake moja, "kisha". Mwaka mzima ulikuwa umepita ndani ya neno hilo, na hakuna aliyeuona ukipita. Mimi nilikuwepo mwaka ule. Nilikula naye, nililala naye chumba kimoja, nilichapa kwa vidole vyangu kila ukurasa aliouandika. Sasa alikuwa ndani ya sanduku lililofunikwa kitambaa cheupe, na katika watu wote waliojaa uwanja ule, waliokuja kwa miguu, kwa pikipiki na wengine kutoka upande wa pili wa mpaka wa Sirari, niliamini ni mimi peke yangu niliyejua alikuwa akitafuta nini.

Chumba chetu kilikuwa Tarime mjini, nyuma ya soko, kwenye nyumba ndefu ya matofali ambayo kuta zake za ndani hazikufika kwenye bati. Ukikohoa, vyumba vyote vinakupa pole. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nangoja majibu ya chuo, na nilikuwa nimepata kazi ya kuchapa kwenye duka la steshenari karibu na stendi. Nilichapa barua za maombi ya kazi, mikataba ya mashamba, kadi za harusi na mitihani ya shule za kata. Siku moja baada ya Pasaka mwenye nyumba aliniuliza kama naweza kumpokea dada mmoja tuchangie kodi. "Ni msomi," alisema. "Hana fujo." Wankuru akaja jioni ileile na godoro, begi la nguo na katoni ya vitabu iliyofungwa kwa kamba ya katani. Alikuwa mrefu, nywele amekata fupi kama mwanafunzi, na alikuwa na tabia ya kukatisha maneno katikati na kuangalia pembeni, kama mtu aliyeitwa na mwenzake. Mimi ni Mnata wa Serengeti, yeye Mkurya wa Itiryo, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichokuwa chetu sote. Alinieleza habari zake tukiwa tunakula ugali wa muhogo na dagaa: anasoma shahada ya juu ya hisabati Dar es Salaam, chuo kimempa ruhusa ya mwaka mmoja aandike tasnifu yake, na amechagua kuiandikia Tarime kwa sababu mama yake haoni vizuri na nyumbani Itiryo hakuna umeme. Wikendi angekwenda kumwona mama. Siku nyingine zote angefanya kazi.

Kazi yenyewe aliifanyia sakafuni. Sakafu yetu ilikuwa ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, na Wankuru alilisimamisha godoro lake ukutani kila asubuhi, akapiga magoti na kuandika kwa chaki. Nikirudi mchana kula nilikuta chumba kizima kimejaa herufi na mishale, nami nikitembea pembenipembeni ili nisikanyage kitu. Akishaamua kipi ni cha kweli alikinakili kwenye karatasi, akadeki, akaanza upya. Juma la kwanza nilivumilia. La pili nikamuuliza, "Dada Wankuru, hii ni lugha gani?"

"Ni sarufi."

"Sarufi ya lugha gani?"

"Ya lugha yoyote utakayo. Njoo."

Aliandika S moja kubwa. Akasema hiyo ni mbegu tu, haimaanishi kitu. "Sasa nakupa kanuni. Popote unapoona S, una ruhusa ya kuiondoa na kuandika aSb mahali pake. Ukichoka, iondoe uandike ab, umemaliza. Jaribu." Nikajaribu. Nikapata ab, nikapata aabb, nikaendelea mpaka chaki ikafika chini ya kitanda changu. "Umeona?" akasema. "Hata uendelee mpaka kesho, a na b zitalingana. Hakuna anayezihesabu, kanuni inatosha. Haya, sasa nitengenezee a, b na c, zote tatu zilingane. Kanuni ziwe za namna hiyohiyo, unaondoa alama moja kwa wakati." Nilihangaika na jambo lile juma zima. Nilikuwa najaribu nyuma ya karatasi zilizoharibika pale dukani, huku mteja anangoja barua yake. Kila a na b zilipolingana, c zilinikimbia. Nilipokiri kuwa nimeshindwa, Wankuru alicheka mpaka akaketi. Akasema haiwezekani, na kwamba kuna uthibitisho wa kutowezekana kwake ambao nikiusoma nitaupenda. Kanuni zile zikiachwa huru, kila moja itumike inapotaka, hazina uwezo huo. Kisha akaandika kanuni nyingine tatu, ya A, ya B na ya C, kila moja ikiongeza herufi yake ndogo, akazizungushia chaki kama mtu anayefunga mzigo wa kuni. "Sasa nimezifunga. Ukitumia ya kwanza, ni lazima utumie na ya pili na ya tatu, kwa mpangilio huo, bila kuruka." Nikajaribu, na a, b na c zikatoka sawasawa, mara ya kwanza, mara ya pili, kila mara.

"Sikuzipa nguvu yoyote mpya," akasema. "Nimezinyima uhuru tu. Na zinazalisha kitu ambacho zikiwa huru hazikukiweza."

Nimefundisha hisabati karibu maisha yangu yote ya kazi, na kama kuna siku nilipoamua kuifundisha, ni siku ile, nikiwa na vumbi la chaki kwenye magoti na ugali unaungulia jikoni.

Swali lake lenyewe lilikuwa jembamba zaidi. Alisema kuna kanuni nyingine, ile inayofuta alama bila kuandika kitu mahali pake. Alama ilikuwepo, imekusaidia kazi, sasa huitaki, unaifuta. Watu huitumia kwa sababu ni rahisi. Yeye alitaka kujua kama inahitajika. Kwa aina moja ya sarufi hizi zilizofungwa, aina ndogo aliyoibuni yeye, aliamini kwamba kila kinachoweza kuzalishwa kwa kufuta kinaweza pia kuzalishwa bila kufuta chochote. Nikamuuliza, "Na ukishalijua hilo?"

"Nitakuwa nimelijua," akanijibu, akaniomba chumvi.

Jumapili asipokwenda Itiryo, kaka yake alikuja. Chacha alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Nyangoto, na hata akioga alibaki na vumbi la mawe kwenye masikio. Mkewe alikuwa amefariki wakati wa kumzaa mtoto wa mwisho, na watoto, Rhobi na wadogo zake wawili wa kiume, walikuwa kwa bibi yao Itiryo. Chacha alikuja na nyama na utumbo kwenye mfuko, akawasha jiko la mkaa koridoni na kupika kichuri mwenyewe, akikitia nyongo na kukionja kwa macho yaliyofumba nusu, huku akiwaambia wapangaji wote kwamba dada yake anazifundisha mashine kusoma.

"Sizifundishi mashine chochote, mura," Wankuru alikuwa akimjibu kutoka ndani.

"Basi unafundisha nini?"

"Simfundishi mtu. Natafuta."

"Mimi pia natafuta," Chacha akasema, "lakini mimi najua ninachotafuta kina rangi gani."

Walicheka wote, na chumba cha jirani nacho kikacheka. Jirani yetu alikuwa Mama Kulwa, mwanamke wa Shinyanga aliyemfuata mumewe kwenye dhahabu na sasa alikuwa akiuza wali na maharage stendi. Tulimsikia kila kitu, naye alitusikia. Mchana mmoja, akidhani hatupo, alikuwa anachambua mchele na mwenzake. Mwenzake akauliza, "Huyu mwenye chaki ana mume?" Mama Kulwa akajibu, "Ana herufi." Wakacheka kwa muda mrefu. Wankuru, aliyekuwa amepiga magoti sakafuni, alicheka pia bila sauti, akanitikisia kichwa nisijali. Lakini baadaye wakati tunakula aliniuliza kama naona amekonda.

Mazungumzo ninayoyakumbuka zaidi ni ya Jumapili moja ya baridi, mvua ikipiga bati kiasi kwamba walikuwa wanapaza sauti. Chacha aliuliza, "Ukimaliza watakuita nani?"

"Daktari."

"Utatibu nini?"

"Sitatibu kitu, Chacha. Ni jina la shahada tu."

Chacha akachovya ugali. "Basi usimwambie mama hivyo," akasema. "Anayangojea macho yake."

Katikati ya mwaka Profesa wake alimwandikia kwa barua pepe. Wankuru aliisomea kwenye kibanda cha intaneti, akaja dukani na kusimama mbele ya meza yangu mpaka mteja alipoondoka. Profesa alikuwa ameona pengo. Njia ya Wankuru ilikuwa hivi: alama inayotakiwa kufutwa, badala ya kuifuta, unambebesha jirani yake, jirani anabadilishwa jina kidogo ili akumbuke amebeba nini, na kazi inaendelea. Profesa aliuliza swali moja tu. Je, jirani akibebeshwa wawili? Akibebeshwa watatu, au zaidi bila mwisho? Majina ya kumbadilishia yataisha, na sarufi haiwezi kuwa na majina yasiyo na mwisho. "Nimeangalia tangu saa nne," Wankuru alisema. "Yuko sahihi."

Miezi iliyofuata ndiyo iliyokuwa migumu. Aliacha kwenda kwa mama yake kila wikendi, akawa anakwenda mara mojamoja. Alikula amesimama. Mara nyingine nilimkuta amekaa kwenye godoro, sakafu ni safi kabisa, chaki iko mkononi, na sufuria ya uji niliyomwachia asubuhi imefanya ngozi juu. Sikuwa na la kumsaidia ila kumuuliza maswali, na nilijifunza kuuliza vizuri. Nikimtazama sasa kwa mbali nadhani alikuwa na hofu. Mwaka wa ruhusa ulikuwa unakwisha. Wajomba na baba zake wadogo kule nyumbani walikuwa wanamtaja kwenye kila kikao cha ukoo, na mama yake alikuwa amewaambia majirani wangoje.

Ikawa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nakoroga uji. Wankuru alikuwa amelala chali, anaangalia bati, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mugesi, epua hiyo sufuria uje." Alishuka sakafuni. Hakuandika vingi. Alisema kosa lake lilikuwa kuziacha alama zinazofutika zikae mpaka mwisho, zikajikusanya kwa jirani mmoja. Mafungu ya kanuni yanaweza kupangwa upya, ili kila alama ya kufutika iondoke mapema, kabla jirani yake hajabebeshwa mwingine. Na ukipanga hivyo, kinachozalishwa mwishoni hakibadiliki. Hakuna jirani atakayebeba zaidi ya mmoja. Majina yanatosha.

"Nipinge," akaniambia.

Nilimpinga mpaka uji ukapoa. Kila nilicholeta alikijibu, na pale nilipokwama kuelewa alirudi nyuma, akanipitisha tena polepole, hasa pale pa kwa nini mwisho haubadiliki. Alikuwa anang'aa. Aliniambia Jumatatu ataiandika vizuri nami nitaichapa. Akatoka, akampa dereva wa pikapu ya Nyangoto ujumbe kwa Chacha: aje kesho, na safari hii asije na nyama, nyama ni ya dada yake.

Jumapili tulipika kuku, ugali na mgagani uliolazwa kwenye maziwa. Mama Kulwa alituazima meza. Wankuru alivaa gauni la kijani ambalo sikuwahi kuliona. Tulifunika vyakula kwa sahani, tukangoja, tukasema barabara mbaya, mvua ya juzi, pikapu zimechelewa. Kuku alipoa, tukampasha moto. Kisha tukasikia pikipiki nje, na aliyeingia hakuwa Chacha. Alikuwa mwenzake wa kazi, Mabula, Msukuma mpole ambaye alikuwa amekuja na Chacha mara moja kabla. Matope yalikuwa yamemkaukia hadi mabegani. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Chacha yuko wapi?"

"Dada, keti kwanza."

"Nimeketi," Wankuru akasema. Alikuwa amesimama.

"Duara limeshuka," Mabula akasema. Duara ndilo jina wanaloliita shimo wanaloingia wachimbaji wadogo. Mvua ilikuwa imelegeza udongo wa juu, na jana jioni, wakiwa wanapanda kutoka, upande mmoja ulianguka. Wenzake walitoka. Chacha alikuwa wa mwisho. Walichimba kwa mikono na kwa sururu mpaka asubuhi. Mabula alieleza yote hayo akiangalia ile meza yenye sahani zilizofunikwa, na kabla mimi sijajua nifanye nini, tulisikia upande wa pili wa ukuta Mama Kulwa ameanza kulia. Wankuru hakulia. Aliuliza kama wamempeleka nyumbani au bado yuko kule, akaenda kubadilisha gauni.

Tulimzika Chacha Itiryo. Nilikaa kule siku zote za matanga, nikipika na wanawake na kubeba chai. Siku ya kikao cha familia nilikuwa napita nyuma ya ghala la mahindi na sinia la vikombe, nikawasikia baba wadogo wanazungumza. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamechoka na walikuwa wanapanga. Rhobi aende kwa ndugu wa Mugumu, ni msichana mkubwa, atasaidia kazi. Huyu wa kati akae kwa mzee mkubwa aliyeongoza kikao. Mdogo abaki na bibi mpaka apate nguvu kidogo, halafu itaonekana. Wankuru alikuwa amesimama mbele yao, mikono ameifumbata kwa heshima.

"Tata, watoto hawatagawanywa," alisema, akimwita mzee mkubwa baba kwa Kikurya.

"Nani atawalea pamoja? Mama yako haoni. Wewe una chuo."

"Chuo kimekwisha."

"Kimekwishaje?"

"Hesabu yangu imekataa, tata. Profesa aliona kosa. Nimelitafutia dawa miezi yote hii, halina dawa. Hawatanipa shahada."

Nililiweka sinia chini, vikombe vikalia, lakini hakuna aliyegeuka. Mama yake alikuwa kwenye kiti mlangoni, uso ameuelekeza kwenye sauti. "Imekataa kabisa?" akauliza.

"Kabisa, mama."

"Pole, mwanangu," mama akasema, na nikaona machozi yanamtoka yule mama upya, kana kwamba ameletewa msiba mwingine. Mzee mkubwa alikuna kidevu, akasema basi, kama ni hivyo, watoto wabaki na shangazi yao.

Nilimfuata kisimani tulipokwenda kuosha sufuria. Nilimwambia, "Lakini Jumamosi ile ulisema imekubali."

"Ulisikia vibaya."

"Sikusikia vibaya. Nilikupinga asubuhi nzima."

Alisugua masizi kwa majani na mchanga, hakuniangalia. "Basi umesikia," akasema. "Nikiwaambia ukweli, mama atanifukuza nirudi Dar kesho asubuhi. Wote watanifukuza, kwa mapenzi. Na Rhobi ataenda kuchota maji ya watu Mugumu. Usimwambie mtu, Mugesi. Naomba." Nikaahidi. Halafu, kwa sababu nilikuwa mdogo na nilitaka kumfariji, nikaanza kusema kitu juu ya alama zinazofutika na jirani anayebeba. Alininyooshea kiganja chenye masizi. "Hapana. Usifanye hivyo. Ile ni hisabati. Chacha alikuwa mtu."

Juma lililofuata alikuja Tarime kuchukua vitu vyake. Alipita dukani, akamwomba bosi wangu simu, akampigia Profesa. Nilikuwa nachapa kadi ya harusi, nikasikia upande wake tu wa maneno. Ndiyo, Profesa. Nimejaribu. Halizibiki. Hapana, si kwa sababu ya msiba. Msiba ni jambo lingine. Asante, nashukuru sana kwa yote. Alirudisha simu kwa mikono miwili. Tukaenda chumbani, akadeki sakafu ambayo tayari ilikuwa safi, tukala wali wa Mama Kulwa, naye Mama Kulwa akakataa tusimlipe. Kisha akapanda nyuma ya pikapu, katoni ya vitabu kati ya magunia ya chumvi, na mimi nikarudi kwenye chumba ambacho sasa niliweza kutembea katikati yake.

Majibu yangu yalitoka, nikaenda chuo, nikasoma hisabati. Nilipofika kwenye somo la sarufi na mashine nilikuwa nimelitangulia darasa, na mwalimu alishangaa nimejulia wapi. Ilinichukua miaka kadhaa kupata uwezo wa kukaa chini na kuirudisha ile asubuhi ya Jumamosi yote, hatua kwa hatua, kwa njia zangu mwenyewe. Ilisimama. Alikuwa sahihi. Niliichapa, nikaomba ruhusa kazini nikaipeleka Itiryo. Wankuru alikuwa amerudi kutoka shuleni, anachambua maharage, wadogo zake Rhobi wakiwa wanafanya kazi za darasani kwenye mkeka. Alisoma kurasa zote amesimama mlangoni penye mwanga. Niliona midomo yake inatembea.

"Umepita njia ndefu," akasema, akanirudishia.

Nikamwomba tuipeleke ikachapishwe, kwa jina lake. Akaangalia upande wa chumba cha mama yake, ambaye alikuwa hai bado, akatikisa kichwa. Baada ya mama kufariki nilimwomba tena, na mara hiyo alikasirika. "Nimwambie Rhobi nini? Kwamba nilimdanganya bibi yake, na yeye ndiye sababu? Abebe hilo?" Sikuuliza tena. Tulibaki marafiki wa kutembeleana Krismasi, wa kuulizana bei za mbolea na matokeo ya darasa la saba. Alizeeka mapema. Kuna nyakati niliona mkono wake unazungusha kitu kidogo hewani, akiwa anamsikiliza mtu, nami nikajua yuko wapi, na sikuwa na ruhusa ya kumfuata.

Baada ya maziko, watu walipopungua, Rhobi alinikuta nyuma ya nyumba nikikausha vikombe. Ni muuguzi sasa, Mwanza. Ndiye aliyemuuguza shangazi yake mpaka mwisho. Alichukua kitambaa kingine akaanza kunisaidia.

"Mwalimu," akasema, "nikuulize kitu. Shangazi aliacha chuo kwa ajili yetu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo tangu akiwa mtoto. "Hapana, mwanangu," nikasema. "Hesabu ilikataa."

Rhobi aliweka kikombe chini. Alikuwa anatabasamu na machozi yanashuka. "Alisema utajibu hivyo."

Akanieleza kwamba ilikuwa wodini, majuma ya mwisho, akiwa anambadilishia dripu, Wankuru akamwambia bila kuulizwa: hesabu ilikubali siku moja kabla habari ya baba yako haijafika. Rhobi alimuuliza kwa nini alificha. Akasema kwa sababu angefukuzwa arudi Dar, na yeye alitaka kukaa nao. "Nikamuuliza kama alijuta," Rhobi akasema. "Alifumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, 'Siku nyingine ndiyo. Siku nyingine hapana.'"

Tulikausha vikombe, tukisikiliza vijana wanavyofungua turubai. Halafu Rhobi akapangusa uso kwa kile kitambaa cha vikombe, akachuchumaa. "Nieleze basi," akasema. "Ilikuwaje?"

Nikachuchumaa naye, nikachora kwa kidole kwenye udongo. Nilimwonesha ile mbegu, nikamwonesha a na b zinavyolingana, nikamwonesha kanuni tatu zilizofungwa. Alielewa upesi, alikuwa na akili ya shangazi yake. Nikamweleza juu ya kufuta, na jirani anayebeba, na swali la Profesa, na jinsi Wankuru alivyoyapanga upya mafungu ili pasiwe na jirani atakayebeba zaidi ya mmoja. Alifuata yote, kidole chake nyuma ya changu, mpaka tukafika pale pa kwa nini mwisho haubadiliki.

"Hapo nimepotea," akasema.

Nikafungua mdomo nimsaidie. Njia yangu ndefu ningeweza kumpitisha, lakini ingechukua kurasa. Njia fupi, ile ya asubuhi ile, nilikuwa nayo mpaka karibu na mwisho, na mwisho wenyewe haukuja.

"Hapo," nikamwambia, "hata mimi nilikuwa namuuliza yeye."